Siku tulipobishania bareti kwenye redio

Mashini ya kwanza isiyokuwa na mlango wa bareti niliifungulia mezani kwangu, mtaa wa Vulamba hapa Butembo, asubuhi moja ya ukungu, mbele ya mtu aliyeileta. Alikuwa mfanyabiashara wa Beni, mzee kidogo, Mwislamu aliyekwisha kwenda Makka, na kwa hiyo watu wote walimwita Hadji. Alianza maisha na malori, akibeba kakao na mbao kutoka Eringeti kuja Butembo. Baadaye akaona kompyuta zilizotumika hazili mafuta wala hazipasuki gurudumu, akaanza kuzifuata Dubai. Mimi nilikuwa fundi wake upande wa Butembo. Kila mzigo ulipofika, alipanda gari Beni na kuniletea zile zilizogoma kuwaka njiani.

Kwa asiyejua, bareti ni kibao chembamba cha kijani, kirefu kidogo tu kuliko kidole, kinachobeba kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, yaani kile mashini inachoshika kichwani wakati unaitumia. Kompyuta ikichoka na mambo ya siku hizi, unaifungua mgongoni, unachomoa bareti ndogo, unachomeka kubwa, na mashini inapata nguvu kama mtu aliyekunywa uji. Nusu ya kazi yangu ilikuwa hiyo. Nilisoma elektroniki katika shule ya ufundi, wasichana tulikuwa watatu, na hao wenzangu wawili leo mmoja anauza vitenge na mwingine ni sista. Nilibaki mimi na bisibisi zangu.

Basi siku hiyo nilifungua mgongo wa ile mashini nyembamba, nikatafuta, nikageuza taa, nikatafuta tena.

"Hadji, bareti iko wapi?"

"Iko mule ndani."

"Mimi niko ndani sasa. Siione."

Akainama, akanionyesha kwa ncha ya kalamu vipande vinne vyeusi vilivyolala juu ya ubao mkubwa wa kompyuta. "Banaibandika hapa, mama. Banaisude moja kwa moja, na risasi ya kuyeyusha. Haitoke tena."

"Na mutu akitaka kuongeza?"

"Haongeze. Anunue yenye iko na mingi tangu mwanzo."

Nilikasirika kana kwamba ametukana mtu wa kwetu. Nikamwambia kwamba hapa Butembo hakuna mtu anayenunua kitu kizima siku moja. Nyumba tunajenga chumba baada ya chumba, moto, yaani pikipiki, tunanunua kisha tunaifunga kibebeo baadaye, na kompyuta ni hivyo hivyo. Yeye akanijibu kwamba dunia haitungoji. Mashini mpya zote zitakuwa hivyo, alisema, na baada ya miaka michache bareti itakuwa kitu cha kuwasimulia watoto. Nikapandisha sauti. Yeye hakupandisha, jambo lililonikera zaidi. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, kofia yake safi kichwani, akinywa chai ya tangawizi aliyokuja nayo kwenye chupa, akijibu neno langu moja kwa neno lake moja.

Mteja mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja mashini yake. Alikuwa mtangazaji wa redio moja ya hapa mjini, kijana mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Alituacha tubishane mpaka tukahema, kisha akasimama.

"Papa Hadji, mama fundi, hii maneno munaiharibu bure hapa. Munipatie saa moja nzima ya Samedi asubuhi. Muje mubishane mbele ya batu bote."

Hadji alikubali mara moja. Mimi nilisema nitafikiri, na kabla sijamaliza kufikiri nilisikia tangazo likipita redioni: Jumamosi, baada ya habari, mjadala mkubwa juu ya kesho ya barrette na mémoire, yaani kumbukumbu ya kompyuta.

Siku tatu zile sikula vizuri. Kutengeneza najua, kusema mbele ya mikrofoni sikujua. Mama yangu, ambaye shamba lake la maharagwe liko upande wa pili wa kilima, anakwenda kulima na redio ndogo mfukoni mwa koti, na hakuna kinachompita. Nilimwambia naogopa.

"Utasemana na Hadji?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Umuheshimu, ni mukubwa." Akaendelea kuchambua mboga za lenga-lenga, kisha akainua kichwa na kuongeza lakini yake. "Mais usimuachilie."

Jumamosi nikapanda moto na begi langu kifuani, ndani nikiwa na bareti saba za rika mbalimbali, kana kwamba wasikilizaji wangeweza kuziona. Studio ilikuwa chumba kidogo chenye trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Hadji alikuwa amefika zamani, ametoka Beni na gari la kwanza. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza habari za mama, tukaketi, na taa nyekundu ikawaka.

Mtangazaji alitutambulisha kwa wasikilizaji: huyu ni mfanyabiashara kutoka Beni, anauza mashini zenye mémoire ndani, anasema barrette imekufa, huyu ni mama fundi wa Vulamba, anasema barrette haijafa. Akafungua simu mapema mno, kabla hatujaeleza lolote, na hapo mambo yakaanza kwenda yanakotaka yenyewe.

Wa kwanza kupiga alikuwa mama mmoja. Alisalimia vizuri, akashukuru kwamba redio imekumbuka wanawake. Kisha akasema yeye anamuunga mkono mama fundi. "Barrette haijafa. Mais zile za sasa za plastiki zinavunjika upesi. Mutoto anavaa asubuhi, midi, saa sita, nywele zote ziko chini. Zile za chuma za zamani zilikuwa muzuri."

Mtangazaji alifunika mikrofoni kwa mkono. Nilimwona mabega yakitikisika. Nikajibu kwa heshima zote kwamba tunazungumzia barrette ya kompyuta, si ile ya kubana nywele, na mama akasema, "Ah! Pardon," lakini kabla ya kukata akaomba aongeze kwamba hata hivyo za chuma ni bora.

Wa pili alikuwa baba, na huyo hakuwa na mzaha. Alikuwa amesikia Hadji akitangazwa kuwa muuzaji wa mashini zenye mémoire ndani. Hapa kwetu, ukisema mémoire, mtu wa kwanza anayekuja akilini ni mwanafunzi wa chuo kikuu na kile kitabu chake cha mwisho, anachokiandika mwaka mzima na kukitetea mbele ya maprofesa.

"Huyu Hadji hana haya!" alisema yule baba. "Anasema mbele ya batu anauza mémoire yenye kuwa tayari! Mutoto wangu aliumia kichwa, hakulala, prof akamurudisha mara tatu. Sasa bengine banaenda kununua Beni? Inchi itaendelea namna gani?"

Nilimwona Hadji akiacha kuwa Hadji. Kofia ilisogea. "Papa, Mungu ananiona, sijauzisha mémoire ya mwanafunzi hata moja! Mimi ni mutu wa ma-ordinateur, ma-kompyuta!" Ilichukua muda kumtuliza yule baba, na sidhani kwamba alitulia kabisa, maana alimaliza kwa kusema atafuatilia.

Baada ya hapo mtangazaji alifunga simu kwa dakika kumi ili tuseme wenyewe. Hapo ndipo Hadji alinishangaza. Nilimdhania mtu wa makatoni, anayejua bei na rangi tu. Kumbe alikuwa amewauliza watu wake wa Dubai, amewauliza hata wale wa China wanaotengeneza, na ameelewa.

"Sikilizeni," alisema. "Mimi nilishaka kuendesha lori miaka mingi. Kutoka Eringeti mpaka Butembo, gari haichelewe sababu ya kilometa. Inachelewa juu ya ma-barrière, vizuizi vya njiani. Unasimama, unaonyesha karatasi, unaenda, unasimama. Donc, basi, ndani ya ordinateur, akili iko fasi moja, mémoire iko fasi ingine, na kati yao iko njia. Pale barrette inaingia, ile slot, ule mlango wake, pale ni barrière. Zamani mwendo ulikuwa kidogo, barrière haikusumbua mutu. Sasa banataka mwendo mukubwa sana, na pale kwenye barrière maneno inaanza kupotea. Basi banatosha barrière, banaiondoa, banaleta mémoire karibu kabisa na akili, banaibandika. Njia inakuwa fupi. Mashini inakimbia, na haikule courant ya umeme mingi. Mimi si adui wa mama fundi. Ni njia tu ndiyo inataka vile."

Nilijua kwamba anasema kweli, na nilijua kwamba wasikilizaji wote walioketi nyuma ya gari katika barabara ile wamemwelewa mara moja. Nikafikiri kuruka, kusema jambo lingine. Lakini mama alikuwa shambani na redio yake, na angesikia nikikwepa.

"Hadji iko na haki juu ya mwendo," nilisema. "Siwezi kubisha. Barrière inachelewesha. Mais, Hadji, pale kwa barrière ndipo iko na garage. Pale njo mutu anashusha muzigo, anabadilisha gurudumu. Wewe unatosha barrière na garage yote. Sasa gari ikikufa katikati ya njia, utaitengenezea wapi? Kipande kimoja kidogo kikiharibika, mutu anatupa ordinateur nzima?"

Hadji akanitazama, akatabasamu. "Unajibu muzuri," alisema, na mikrofoni ikayanasa maneno yake.

Simu zikafunguliwa tena. Nakumbuka moja tu, ya mwalimu mmoja wa Eringeti, sauti ikija na kuondoka. Alisema shule yao ilikuwa na mashini sita, zote zimechoka. Moja ilipokufa kabisa, walitoa bareti yake wakaipa mashini iliyo jirani yake. Ya pili ilipokufa, wakafanya vile vile. "Sasa tuko na mashini ine, mais zile ine ziko na nguvu kupita zile sita za mwanzo. Kama zingekuwa za kubandika, tungekuwa na sita za kufa."

"Huyo mwalimu ananiumiza," Hadji alisema.

Kipindi kikaisha. Mtangazaji alisema ujumbe mwingi umenipa ushindi mimi, ingawa tulipousoma pamoja tuliona kwamba sehemu kubwa ilikuwa bado inahusu nywele. Nyumbani mama aliniambia nimesema vizuri ila nimesema mbio.

Hadithi ingekwisha hapo, nami ningebaki na ushindi wangu. Lakini Jumatatu akaja msichana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, amekumbatia kompyuta nyembamba kama anabeba mtoto mgonjwa. Ilikuwa moja ya zile za Hadji. Alikuwa ameanguka na moto kwenye kona ya matope, yeye akachubuka kiwiko tu, lakini mashini ilikataa kuwaka. Inapiga mlio mara tatu, kioo kinabaki cheusi.

"Yaya, mémoire yangu yote iko humu," alisema, akiniita dada mkubwa, machozi karibu.

"Ipi? Ya chuo, ao ya mashini?"

Akanitazama kama niliyerukwa na akili. Nikaomba radhi, nikamweleza. Kwa bahati diski ya mashini ile ilikuwa ya kutolewa, nikaitoa, nikaiweka katika mashini yangu, na kitabu chake kikatokea chote, na kurasa za shukrani kwa baba na mama ambazo alikuwa amekwisha kuziandika kabla ya sura ya mwisho. Akaninong'oneza, "Wasingya kutsibu," asante sana kwa Kinande, mara mbili. Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Kwa nusu nyingine nilimpigia simu Hadji, na sitaficha, nilipiga kwa furaha.

Alikuja kesho yake, na msichana naye akarudi. Nilimngoja afike ndipo nimwonyeshe. Nilikuwa nimegundua kwamba ukibonyeza kimoja cha vile vipande vinne vyeusi kwa kidole, mashini inawaka.

"Tosha kidole," Hadji alisema. Nikatoa. Kioo kikazima.

"Rudisha." Nikarudisha, nikawasha, na picha ikaja.

Hadji akakitazama kidole changu. "Donc, utakaa na kidole pale mpaka amalize kuandika?"

Tukacheka wote, hata yule msichana. Kisha Hadji akaniuliza polepole, bila ushindani: "Mama, wewe unaweza kuisude?"

Hapo ndipo nilipojiona. Maana chini ya kila kipande kile kuna vitone vya risasi vidogo kuliko punje ya ulezi, na kimoja au viwili vilikuwa vimepasuka kwa kishindo cha kuanguka. Kuviyeyusha upya kwa hewa ya moto bila kuchoma kipande, hiyo ni kazi ya mkono mtulivu, na mkono wangu haukuwa umewahi kuifanya. Kifaa cha hewa ya moto nilikuwa nacho, nilikitumia kwa vitu vikubwa. Redioni nilisema kwamba bareti ya kubandikwa ni mbaya kwa watu wetu. Hilo nililiamini na bado naliamini. Lakini sikusema kwamba niliiogopa, wala mimi mwenyewe nilikuwa sijajiambia.

"Siwezi," nilimjibu. "Sijafanya hata siku moja."

"Basi jifunze," alisema, kama mtu anayeagiza chai ya pili.

Alimwazima msichana mashini nyingine aendelee kuandika. Siku tatu baadaye katoni ikanifikia kutoka Beni, imejaa mbao za kompyuta zilizokufa, na juu yake karatasi: za kuunguza. Nikaziunguza kweli. Ya kwanza ilitoa moshi. Ya pili kipande kiliruka kikaangukia kikombe changu. Ya tatu niliipasha moto mpaka ubao ukavimba kama chapati. Mama alisema chumba kinanuka nywele zilizoungua, akahamishia maharagwe yake uani. Karibu na ubao wa tisa au wa kumi nikaanza kuona kitu ambacho hakuna aliyenieleza. Risasi ikiyeyuka vizuri, kipande kinatikisika kidogo sana, halafu kinajivuta chenyewe na kukaa mahali pake. Ukiona kile kitendo, unaondoa moto. Usipokiona, unangoja. Ni hivyo tu, na ilinichukua siku kumi na mbili.

Siku ya mashini yenyewe Hadji alikuja tena. Alishika taa. Nilipofanya ishara ya msalaba nilimsikia naye akisema Bismillahi chini ya ndevu. Msichana alisimama mlangoni, amegeuka upande wa barabara, hakutaka kuona. Niliweka dawa ya kulainisha risasi, nikaleta hewa, nikazungusha mkono, nikahesabu pumzi zangu. Kipande kikatikisika. Kikakaa. Nikaondoa moto, na tukangoja ipoe, huku moto zikipiga honi nje kama kawaida.

Iliwaka mara ya kwanza. Mlio mmoja mfupi, kisha picha. Msichana alirukaruka mpaka kiwiko chake kikamuuma upya, na mimi nilicheka peke yangu kama mjinga, nikiwa nimeshika taulo la kufutia jasho.

Hadji alizima taa. "Unaona sasa? Inatengenezeka. Donc nilikuwa na haki."

"Haki gani? Siku kumi na mbili, Hadji! Bareti ya kuchomoa ingenikamata dakika mbili!"

"Mais umejifunza."

"Nimejifunza juu ya mashini yako mbaya!"

Tuliendelea hivyo mpaka msichana akaaga na tukasahau kumjibu.

Yule msichana alitetea kitabu chake na akafaulu. Hadji hakubadilika kuwa mtu mwingine, anaendelea kuleta mashini nyembamba. Lakini sasa, akipeleka mzigo shuleni au kwenye parokia, anachagua zenye mlango wa bareti, na akija na zile nyingine anamwambia mnunuzi waziwazi: hii haiongezwi, fikiri mbele. Nimemsikia kwa masikio yangu. Nami nimepata kazi ambayo sikuitafuta. Watu wanatoka hata Lubero na mashini zilizobandikwa kila kitu, wanauliza kama hapa ndipo kwa mama wa hewa ya moto.

Safari yake ya karibuni Hadji alirudi na kitu akakiweka mezani. Ni mashini mpya kabisa, si ya kuuza, ni ya kuonyesha. Nilipoifungua nilikuta kibao kipana, kimelala chali juu ya ubao mkubwa, karibu kabisa na akili ya kompyuta, na kimefungwa kwa skrubu tatu. Hakijasimama ndani ya mlango, na hakijabandikwa pia.

"Hii ni upande wangu," Hadji akasema. "Iko karibu. Njia fupi."

"Iko na vis, zile skrubu, Hadji. Inatoka. Ni upande wangu."

Akavuta kiti. Nikachukua bisibisi ndogo kabisa niliyo nayo, nikalegeza skrubu ya kwanza, naye akainamia mezani mpaka kofia yake ikaniziba mwanga, ikabidi nimwombe asogee.